Fahamu: Baridi ya Hanang na kuku wa nyumbani

Kati ya Juni na Agosti, upepo wa kipupwe unapovuma Balangdalalu, wilayani Hanang, mfugaji huwaonea kuku huruma na kuziba banda lote kwa turubai. Huruma hiyo huwaumiza.

Kuku mzima ana blanketi lake. Mwili wake una joto la karibu nyuzi 41, na akitunisha manyoya, hewa inayonaswa ndani yake humkinga. Kinachomwangusha zaidi ni unyevu. Banda lililozibwa hulowa kwa pumzi na kinyesi, harufu kali ya amonia hujaa, macho huwasha, mafua huingia. Ziba upande unakotoka upepo tu, na uache uwazi chini ya paa, juu ya vichwa vyao. Tandika maranda makavu, uyaondoe yakilowa. Mahindi kidogo jioni huwasaidia kutengeneza joto usiku kucha.

Vifaranga ni habari nyingine. Wiki ya kwanza wanahitaji nyuzi 32 hadi 35, kisha punguza kama nyuzi 3 kila wiki. Watazame: wakirundikana wanaona baridi, wakikimbilia pembeni joto limezidi. Tafadhali, usiwawekee jiko la mkaa mahali pasipo na hewa. Gesi yake haionekani, na huua pia watu waliolala chumba hicho.

Kuku wakifa kwa mfululizo, usiilaumu baridi haraka. Huenda ni kideri, na chanjo yake ya matone ya jichoni hurudiwa kila baada ya miezi 3.