Mizizi Ikikosa Nafasi

Ndugu msomaji, ukirudi kutoka kanisani leo, hebu lipitie lile ua lako la kwenye chungu hapo barazani. Unalimwagilia asubuhi, jioni udongo umekauka. Ukimwaga tena, maji yanapita pembeni na kutokea tundu la chini. Majani ya zamani yanageuka manjano, na mapya yanatoka madogo. Unasema ua limepata ugonjwa, basi unaongeza maji na mbolea.

Kiinamishe chungu, ulitoe taratibu. Utakuta mizizi imezunguka ikifuata ukuta wa chungu, imesukana kama kikapu. Udongo, ambao ndio unaoshika maji, umebaki kiasi kidogo sana. Ua hilo si gonjwa. Limekua, na chungu kimebaki kilekile.

Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo. Wengi wetu tulipandwa katika chungu kidogo, na hilo si kosa, maana mche mchanga ndivyo unavyotaka. Katekista alitufundisha kwa maswali na majibu, tukakariri, tukapokea Komunyo ya Kwanza, kisha Kipaimara. Tulijua kwamba Mungu ni mwema, ukisali anakusikia, na ukiwa mtoto mzuri anakulinda. Baada ya Kipaimara tukafunga daftari. Tuliendelea na shule, tukapata kazi, tukafunga ndoa, tukajifunza mambo ya mikopo na mikataba. Maelezo yetu kuhusu Mungu yakabaki yale ya mtoto wa miaka kumi.

Kisha siku moja mtoto anafariki. Mama aliyesali rozari kila usiku kando ya kitanda cha hospitali anarudi nyumbani na nguo ndogo ndani ya kikapu. Anajiuliza: nilikosea wapi? Sala yangu ilipungua nini? Kila padre anayesikiliza waumini amekutana na mama huyu, tena si mara moja. Nasi tunamjibu kwa kummwagia maji: ongeza sala, mama, usilie sana, utamkufuru Mungu. Maji ni mema, lakini yanapita pembeni. Tatizo si kwamba imani yake ni haba. Maisha yamemkuza kuliko maelezo aliyopewa utotoni.

Ayubu alipoketi majivuni, rafiki zake walimletea maelezo ya namna hiyo: mwema hulindwa, mwovu huadhibiwa, kwa hiyo umetenda dhambi. Ayubu alikataa, akalia, akamhoji Mungu waziwazi. Mwishoni (Ayubu 42:7) Mungu anamwambia Elifazi kwamba yeye na wenzake hawakusema sawasawa juu yake kama alivyosema Ayubu. Aliyelia na kuhoji ndiye aliyethibitishwa.

Basi ua linahamishwaje? Limwagilie siku moja kabla, ulitoe bila kuvuta shina. Legeza mizizi kwa vidole, na iliyooza uikate kwa kisu safi. Usipoilegeza, itaendelea kuzunguka palepale hata katika udongo mpya. Nasi yako mawazo tunayopaswa kuyakata, hasa lile linalosema kwamba sala ni malipo na ulinzi ni bidhaa. Kuyakata kunauma, lakini hakumuui mtu.

Pili, chungu kipya kisikizidi cha zamani sana. Upana wa vidole viwili hivi unatosha. Kikiwa kikubwa mno, udongo utashika maji mengi kuliko mizizi inavyoweza kunywa, na mizizi itaoza. Wako wenye uchungu wanaokimbilia kila kitu kwa mara moja: mkesha juu ya mkesha, mfungo juu ya mfungo, leo mafuta ya huyu, kesho maji ya yule. Anza na kidogo. Fungua Zaburi ya 88, inayoanza kwa kilio na kuishia gizani. Kanisa limeiweka katika sala ya usiku ya kila Ijumaa, kabla ya kulala. Maana yake ni kwamba kulia mbele ya Mungu nako ni kusali.

Tatu, ua lililohamishwa liweke kivulini wiki moja au mbili. Usitie mbolea, na usilitoe kila siku kutazama kama limeshika. Majani yatalegea kwanza, ndivyo ilivyo. Wanajumuiya, hapa nawaambia ninyi. Mwenzenu akikaa kimya benchi la nyuma, au akikosa Jumapili mbili, msiseme imani imemwisha. Mpelekeeni uji. Mfulieni nguo. Kaeni naye bila hotuba. Kivuli chake ni ninyi.

Mtu atauliza: je, Bwana hakutuambia tuwe kama watoto (Mt 18:3)? Alituambia, na mtoto mzima hukua. Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu ndiye mwalimu wetu mkubwa wa njia ya utoto wa kiroho. Lakini tangu Pasaka ya mwaka 1896 hadi alipofariki tarehe 30 Septemba 1897, akiwa na miaka 24, aliishi katika giza kubwa la imani. Mbingu, iliyokuwa furaha yake, ikawa kama ukuta mbele yake. Hakuacha kutumaini. Kuwa mtoto kwake hakukuwa kujua machache, bali kushika mkono wa Baba hata asipouona.

Katika Luka 13:6-9 mwenye shamba anataka mtini usiozaa ukatwe. Mtunza shamba anauombea mwaka mmoja zaidi, aupalilie pembeni na kuutia samadi. Anauona mti huohuo, lakini yeye anaanza na udongo.

Ndugu yangu uliyekauka leo, unayesali na maji yanapita tu, usijihukumu. Huenda Mungu hajakuacha, wala wewe hujamwacha. Huenda mizizi yako inatafuta nafasi. Mwombe akuhamishe, na umvumilie mikono yake ikiwa katika mizizi yako.

Nawatakia Dominika njema.