Tume iliyoelekeza kinyesi kwenye mto wa maji ya kunywa

Kabla ya mwaka 1848, majitaka ya London yalikuwa chini ya tume kadhaa, kila moja ikitazama eneo lake tu. Mfereji mpana wa tume moja uliweza kuishia kwenye mfereji mwembamba wa jirani, na mvua ikinyesha, vyumba vya chini vya nyumba vikafurika. Sheria yao ilitungwa enzi za Mfalme Henry VIII, na mifereji yenyewe ilikusudiwa maji ya mvua. Kinyesi kilitupwa kwenye mashimo chini ya nyumba.

Mwaka huo tume hizo zikaunganishwa kuwa moja, ila eneo la kale la City lilibaki nje. Edwin Chadwick, aliyekuwa na sauti kubwa ndani ya tume hiyo mpya, aliamini kwamba maradhi huletwa na hewa chafu. Basi mashimo yakafungwa kwa maelfu, nyumba zikaunganishwa na mifereji, na vyote vikamwagwa Mto Thames, ambamo kampuni kadhaa zilichota maji ya kuwauzia wananchi. Kipindupindu cha 1848 na 1849 kiliua zaidi ya watu 14,000 jijini. Inauma kukumbuka kwamba wakuu hao walikuwa wakijaribu kuokoa maisha. Daktari John Snow aliandika mwaka 1849 kwamba ugonjwa huo huenezwa na maji; wachache walimsikiliza.

Tume ilivunjwa na kuundwa upya mara kwa mara. Mhandisi wake Frank Forster alifariki mwaka 1852, akiwa amechoshwa na kazi, nafasi yake akaishika Joseph Bazalgette. Ramani hazikukosekana. Kilichokosekana ni fedha, na mamlaka ya kuamua.

Hata Bodi ya Ujenzi ya Jiji, iliyochukua nafasi ya tume hiyo mwaka 1856, ilifungwa mikono: serikali iliweza kukataa mipango yake, na iliikataa. Kisha yakaja majira ya joto ya 1858. Uvundo wa mto ukawafikia wabunge vyumbani mwao, na katika wiki chache tu Bodi ikaruhusiwa kukopa pauni milioni 3 na kuamua yenyewe. Maelfu walikuwa wamekwisha kufa.

Bazalgette akajenga takriban kilomita 132 za mifereji mikuu ya kupeleka majitaka mbali, mashariki mwa jiji. Kipindupindu kiliporudi mwaka 1866, kilishambulia zaidi mitaa maskini ya mashariki, ambako kazi hiyo ilikuwa haijakamilika.