Kufundisha Utambuzi wa Injini na Giaboksi Kabla ya Kubadili Injini ya Gari

Utangulizi

Katika wilaya za Mbinga na Nyasa ni jambo la kawaida kwa gari kuishi maisha marefu kuliko injini iliyotoka nayo kiwandani. Bodi hutengenezwa, chasi huungwa, springi hubadilishwa, na injini inapochoka mwenye gari hutafuta nyingine iliyotumika. Mara nyingi injini hiyo si ya aina ile ile. Mwenye Land Cruiser ya petroli hutaka dizeli ili apunguze gharama ya safari, na mwenye Land Rover hutaka injini ambayo vipuri vyake vinapatikana karibu. Kazi hiyo huwafikia vijana wetu wa ufundi wa magari mapema sana, pengine kabla hawajamaliza mafunzo.

Makala haya yanakusudia kumsaidia mwalimu wa ufundi kufundisha sehemu ya kwanza ya kazi hiyo, yaani utambuzi wa injini na giaboksi. Aghalabu sehemu hii hupitiwa haraka, kwa kuwa wanafunzi hutamani kushika spana. Hata hivyo, ndiyo inayoamua kama gari litakalotoka karakanani litakuwa salama. Shabaha ya somo haiishii katika kujua jina la injini. Mwanafunzi hana budi ajue injini hiyo inaleta nini katika gari, na inaondoa nini.

Kwa nini mazingira yetu yanadai uangalifu

Milima ya Umatengo ina sehemu zinazozidi meta 1,500 juu ya usawa wa bahari, hali Ziwa Nyasa liko karibu meta 475 tu. Gari linalotoka Mbinga kwenda Mbamba Bay hushuka tofauti hiyo kwa mwendo wa kilometa zisizofika sabini. Lami imeondoa matope na makorongo katika barabara hiyo, lakini mteremko haukuondoka. Dereva mwenye shehena ya mahindi au abiria wa kwenda mnadani hutegemea mambo mawili: breki, na gia ndogo inayozuia gari lisikimbie. Yote mawili yanaweza kuharibiwa na fundi aliyebadili injini bila kuitambua.

Hatua ya kwanza: Kusoma maandishi

Mwalimu aanze na kile kilichoandikwa. Katika Toyota nyingi, kibati kilichopigiliwa ndani ya chumba cha injini huonyesha modeli, injini, namba ya chasi, na alama za giaboksi na ekseli. Wanafunzi wafundishwe kwamba maandishi hayo yana utaratibu. Katika jina HZJ75, herufi mbili za mwanzo zinaashiria injini ya 1HZ, na J inaashiria ukoo wa Land Cruiser. BJ40 ilitoka kiwandani na injini ya ukoo wa B, na FJ40 na ya ukoo wa F. Vivyo hivyo, LN ni Hilux yenye injini ya ukoo wa L.

Jina la injini nalo husomeka. Tarakimu ya mwanzo huonyesha toleo katika ukoo, kama 2L, 3L na 5L. Herufi zinazofuata kistari huonyesha sifa za ziada. Kwa mfano, T katika 2L-T ni alama ya taabo.

Baada ya hapo mwalimu atoe onyo: kibati hueleza gari lilivyotoka kiwandani, wala hakielezi lilivyo leo. Land Cruiser iliyoandikwa FJ inaweza kuwa na dizeli aliyoitia fundi wa miaka ishirini iliyopita. Kwa hiyo mwanafunzi asome pia namba iliyogongwa kwenye bloku yenyewe, baada ya kuisafisha kwa brashi na mafuta ya taa, kisha ailinganishe na kadi ya usajili. Zikitofautiana, aandike tofauti hiyo bila kuamua bado.

Hatua ya pili: Kutazama

Macho ya mwanafunzi yafundishwe kutafuta ushahidi. Je, kuna plagi, nyaya zake na kabureta? Hiyo ni petroli. Je, kuna pampu yenye mabomba membamba ya chuma yanayokwenda kwenye kila silinda? Hiyo ni dizeli. Silinda ni nne au sita?

Mfano mzuri wa darasani ni 2H na 1HZ. Zote ni dizeli za silinda sita, zote zilifungwa katika Land Cruiser, na mtu mwenye haraka huweza kuzichanganya. Lakini 1HZ, iliyoanza kutumika mwaka 1990, ina kemshafti juu ya silinda inayozungushwa na mkanda wenye meno, na mkanda huo umefunikwa mbele ya injini. Ile 2H ina vijiti vya kusukuma valvu na huendeshwa kwa meno ya chuma, bila mkanda huo. Mwanafunzi aliyeona tofauti hiyo mara moja kwa macho yake haisahau.

Hatua ya tatu: Kupima

Pale kichwa cha injini kinapokuwa kimefunguliwa, hesabu huthibitisha jina. Wanafunzi wapime kipenyo cha silinda na mwendo wa pistoni, kisha watafute ujazo. Kwa 1HZ, kipenyo ni sentimeta 9.4 na mwendo ni sentimeta 10. Basi:

0.7854 × 9.4 × 9.4 × 10 × 6 = sentimeta za ujazo 4,164.

Kwa 2H, vipimo vya sentimeta 9.1 na 10.2 hutoa 3,980. Hapa mwalimu wa ufundi na mwalimu wa hisabati wanaweza kushirikiana, na wanafunzi wataona kwamba kanuni ya mcheduara si ya kitabuni tu.

Lakini kipimo nacho kina mpaka wake. Land Rover za Series III zilikuwa na injini ya petroli na ya dizeli zenye ujazo ule ule wa 2,286, kwa kipenyo na mwendo ule ule. Anayetegemea kipimo peke yake hawezi kuzitenganisha. Anayetazama pampu na plagi huzitenganisha mara moja. Mfano huu uwaonyeshe wanafunzi kwamba kila hatua husahihisha upungufu wa nyingine.

Hatua ya nne: Kutambua giaboksi

Giaboksi za Land Cruiser nazo zina majina yanayosomeka. Katika H55F, tarakimu 5 ya mwanzo ni idadi ya gia za kwenda mbele. H41 na H42 zina gia nne. Hata hivyo jina halitoshi. H55F ilifungwa nyuma ya injini zaidi ya moja, na nyumba ya klachi haikuwa moja kwa zote. Mwanafunzi apime nafasi za bolti, kipenyo cha klachi pleti, idadi ya meno ya shafti inayoingia, na beringi inayoipokea shafti hiyo katikati ya flaiwili.

Uwiano wa gia hupatikana bila kufungua giaboksi. Watie alama ya chaki kwenye shafti inayoingia na inayotoka, waingize gia wanayoipima, kisha wazungushe shafti inayoingia huku wakihesabu mpaka ile inayotoka itimize mizunguko kumi kamili. Hesabu ya kwanza igawanywe kwa kumi. Kama giaboksi ndogo ya magurudumu manne ingali imefungwa nyuma, waandike iko katika gia ipi, kwa maana nayo ina uwiano wake. Katika Land Cruiser gia yake kubwa ni moja kwa moja, lakini katika Land Rover za Series sivyo.

Uwiano wa difu hupimwa gari likiwa limeinuliwa nyuma juu ya stendi imara, na magurudumu ya mbele yamezuiwa kwa mawe au magogo. Gurudumu moja la nyuma lishikwe lisizunguke, jingine lizungushwe mara mbili kamili, na mizunguko ya propela shafti ihesabiwe. Wengi hukosea kwa kulizungusha mara moja, wakapata nusu ya jibu. Katika Land Rover za Series, jibu litakaribia 4.7, katika Land Cruiser nyingi za zamani, 4.1.

Matokeo yageuzwe kuwa mwendo wa barabarani. Tuseme tairi husonga meta 2.5 kwa mzunguko, na injini inazunguka mara 2,000 kwa dakika. Kwa gia ya pili yenye uwiano wa 2.6 na difu ya 4.11, gari litakwenda kilometa 28 kwa saa. Kwa gia ya pili ya 2.0 na difu ya 3.7, litakwenda kilometa 40.5 kwa saa. Waulizwe: ni lipi kati ya magari hayo mawili ungependa likubebe wewe na mama yako kuteremka kwenda ziwani? Swali hilo huamsha mjadala kuliko tarakimu zenyewe.

Hatua ya tano: Kinacholetwa na kinachoondolewa

Hapa ndipo kiini cha somo. Injini ya petroli huvuta hewa kupitia kabureta, na uvutaji huo huzalisha ombwe, au vakyumu kama mafundi wasemavyo. Ombwe hilo huisaidia busta ya breki. Dizeli ya kawaida haina kizuizi hicho cha hewa, na kwa hiyo haitoi ombwe la kutosha. Toyota ziliweka pampu ya ombwe, ambayo katika injini nyingi kama 3B iko nyuma ya alteneta. Injini iliyotumika mara nyingi huuzwa bila alteneta. Fundi akifunga alteneta yoyote inayoenea, gari litawaka, litavuta vizuri, na taa zitang'aa. Lakini kanyagio la breki litakuwa gumu kama jiwe, na hilo litajulikana mteremkoni.

Jambo la pili ni breki ya mkono. Katika Land Rover za Series na Land Cruiser za zamani, breki hiyo haishiki magurudumu, bali hushika shafti nyuma ya giaboksi. (Kwa sababu hiyo lazima ilegezwe wakati wa kupima difu.) Anayeondoa giaboksi hiyo na kuweka nyingine huenda ameondoa breki ya mkono bila kujua.

Jambo la tatu ni umeme. Baadhi ya dizeli za Land Cruiser zilitengenezwa kwa volti 24, nyingine kwa volti 12. Kibati cha staata kisomwe kabla waya wowote haujaunganishwa.

Kadi ya utambuzi na upimaji

Kila kikundi cha wanafunzi wanne kijaze kadi yenye safu tatu: kilichoandikwa, kilichoonekana, kilichopimwa. Chini yake kuwe na maswali mawili: Injini hii inaleta nini? Inaondoa nini? Kikundi kisiruhusiwe kufungua bolti hata moja mpaka kadi ijazwe na kutetewa mbele ya darasa. Shule isiyo na injini nyingi inaweza kutumia injini moja mbovu, au kuwapeleka wanafunzi katika gereji ya mjini kwa ruhusa ya mwenyewe.

Katika kusahihisha, mwalimu asitoe alama kwa jina sahihi tu. Mwanafunzi aliyekosea jina lakini akaandika kwamba busta haina chanzo cha ombwe anastahili alama nyingi kuliko aliyepatia jina na kunyamaza.

Mwisho, wanafunzi waelezwe wajibu wa kisheria. Kadi ya usajili hubeba namba ya injini. Baada ya kubadilishwa, mwenye gari apeleke taarifa kwa Mamlaka ya Mapato Tanzania, na fundi amkabidhi uthibitisho wa mahali injini ilikotoka.

Hitimisho

Utambuzi huchukua vipindi viwili au vitatu, na hauhitaji vifaa vya gharama: chaki, kalipa, brashi, karatasi na subira. Mwalimu akiusimamia kwa uthabiti, mwanafunzi atajifunza kutokuamini kibati, wala jicho, wala kipimo, kila kimoja peke yake, bali kuviuliza vyote vitatu kabla hajalikabidhi gari kwa dereva.