Mzee Akibadilika Ghafla, Atafutiwe Ugonjwa

Kwa miaka mingi katika kaunti ya Kilifi nchini Kenya, wazee wameuawa au kufukuzwa makwao kwa tuhuma za uchawi. Kaya Godoma, kule Ganze, imekuwa kimbilio la walionusurika. Ugomvi wa mashamba una mkono wake katika mauaji hayo, na hilo ni la polisi na mahakama. Sisi matabibu tunasikitishwa na ule unaoitwa ushahidi: mzee anasema peke yake usiku, anatangatanga, hawatambui wajukuu, ana macho mekundu. Hizo ni dalili za maradhi. Macho ya mama aliyepika kwa kuni tangu usichana huwa mekundu kwa moshi tu, ingawa huenda pia ana presha ya jicho, na hiyo hupofusha.

Familia ijiulize kwanza: mabadiliko yameanza lini? Ikiwa yamekuja kidogo kidogo kwa miezi na miaka, mzee akawa anauliza jambo lile lile na kupotea njia aliyoipita maisha yake yote, huenda ni dimenshia. Ugonjwa huu wa ubongo unawapata watu zaidi ya milioni 55 duniani. Hauna tiba ya kuuondoa, lakini mgonjwa akitunzwa kwa utaratibu na bila kukaripiwa huishi vizuri zaidi.

Lakini ikiwa juzi mama alikuwa akikuna nazi na kuuliza habari za kijijini, na leo hajui yuko wapi, hiyo ni dharura. Msiseme ni uzee. Uzee hauingii kwa usiku mmoja.

Mara nyingi chanzo hakiko kichwani. Uzeeni kiu hupungua, na majira ya kaskazi jua la Malindi hukausha mwili upesi. Tena wako wazee wengi wanaojinyima maji kwa makusudi, kwa sababu choo kiko nje, usiku ni giza na magoti yanauma. Mwili hukauka, na maambukizi ya njia ya mkojo hupata nafasi. Kijana angepata homa na maumivu. Mzee huenda asichemke hata kidogo, dalili pekee ikawa ni kuweweseka. Nimonia na malaria nazo huweza kumjia hivyo hivyo. Basi mwekeeni kopo la haja ndogo kando ya kitanda na taa ndogo ya sola, kisha mpeni maji kila mara bila kungoja aombe. Mwenye ugonjwa wa moyo au figo, daktari aseme kiasi.

Dawa nazo zina makosa yake. Baba anameza glibenklamidi ya kisukari asubuhi, kisha hana hamu ya kula, au amefunga Ramadhani bila daktari kumbadilishia dozi. Sukari inashuka chini ya 4 (mmol/L), anatokwa jasho, anatetemeka, anapayuka. Kama anaweza kumeza, mpeni vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari iliyokorogwa majini, mkampime tena baada ya dakika 15. Kama hajitambui, msimtie chochote mdomoni, akimbizwe hospitali. Hata akizinduka apelekwe, maana dawa hiyo hukaa mwilini saa nyingi na sukari huweza kushuka tena. Piriton ya mafua huwachanganya wazee akili. Diklofenaki ya magoti, inayonunuliwa dukani bila kuulizwa, ikikutana na dawa za presha huumiza figo.

Mkumbuke pia kuanguka. Mzee aliyeteleza bafuni na kugonga kichwa anaweza kuvuja damu taratibu ndani ya fuvu, akili ikaanza kuyumba wiki kadhaa baadaye, wakati nyumba nzima imeshasahau.

Wengi hudhani vipimo viko mbali. Mwaka 2023 serikali iliwapa wahudumu wa afya ya jamii mikoba yenye mashine za presha na za sukari. Mwulizeni wa mtaa wenu. Mkienda zahanati au hospitali, bebeni dawa zote katika mfuko mmoja, mitishamba ikiwemo. Na anayeandamana na mzee awe yule anayeishi naye, anayejua alilala vipi na alikula nini, si mtoto aliyefika jana kutoka Mombasa kwa kuwa ndiye mwenye pesa. Kisomo na dua vinaweza kuendelea huko huko hospitali.

Ibara ya 57 ya Katiba ya 2010 inampa mzee haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na ya kutunzwa na jamaa zake na serikali. Ndugu msomaji, mzazi wako akibadilika ghafla, kabla ya kuitwa mganga au kikao cha ukoo, mpeleke siku hiyo hiyo apimwe sukari, presha, mkojo na malaria.