Bastola ndogo chini ya shati: je, inatulinda?

Katika mikutano yetu juu ya usalama wa mitaa, kuna swali ambalo watu hawaulizi mbele ya wote. Wanangoja mkutano uishe na viti vianze kukusanywa. Ndipo mmoja anatuvuta kando na kuuliza kwa sauti ya chini: "Ninyi mnaofuatilia mambo ya silaha, bastola gani ni ndogo na nyepesi, ambayo naweza kukaa nayo mchana kutwa bila mtu kuiona?"

Mara nyingi anayeuliza si jambazi. Ni mbadilishaji wa pesa, mwenye duka la simu, mama anayenunua samaki ziwani na kuuza mjini, au baba aliyeingiliwa nyumbani usiku.

Hatumcheki wala hatumkaripii, kwa sababu hofu yake ina msingi. Mwishoni mwa Januari 2025, vita vilipoingia Goma, silaha nyingi ziliachwa ovyo na waliokimbia, wafungwa walitoroka katika gereza la Munzenze, na benki zilifunga milango. Watu wengi walilazimika kubeba pesa mkononi na kuzilaza nyumbani. Mtu anayerudi jioni na mauzo ya siku anajua kwamba wezi nao wanajua. Ukimwambia asitafute silaha, atakujibu: "Fimbo ya mbali haiui nyoka."

Katika makala hii tunataka kumjibu kwa ukweli. Hatutamtajia bastola ya kununua. Tutaeleza kwamba kila sifa inayofanya bastola iwe rahisi kubebwa kwa siri ndiyo pia inayoizuia kumlinda mwenye nayo, na kuifanya iwe hatari kwa watu anaotaka kuwalinda.

BASTOLA YA KUFICHA NI NINI?

Mashariki mwa Kongo silaha tunayoiona zaidi ni bunduki ya AK-47 na ndugu zake. Ina uzito wa karibu kilo 4 na haifichiki chini ya shati. Bastola ni kitu kingine. Ile ya Browning, iliyoanza kutengenezwa Herstal, Ubelgiji, mwaka 1935, ina urefu wa karibu sentimita 20 na uzito unaokaribia kilo 1. Makarov ya Urusi ni fupi zaidi, sentimita 16, na ina gramu 730 hivi. Tena, tangu mwanzoni mwa karne ya 20, kiwanda hicho cha Herstal kilitengeneza bastola ya milimita 6.35 inayoingia katika mfuko wa koti. Kwa hiyo tamaa ya kuwa na silaha isiyoonekana si ya leo.

Anayetafuta bastola ya kubeba kila siku anataka sifa nne: iwe fupi, iwe nyepesi, isionekane, na iwe naye wakati wote. Tuziangalie moja moja.

1. Ni fupi

Bastola yenye mtutu mfupi ni ngumu kulenga. Alama za kulengea zimekaribiana, na kosa dogo la mkono linakuwa kosa kubwa mbele. Tena, mtu anayeshambuliwa hatulii: moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, na mara nyingi ni giza.

Hata waliofunzwa hukosa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2008 juu ya polisi wa New York ulionyesha kwamba, kati ya miaka 1998 na 2006, walipokuwa wakirushiana risasi na wahalifu, ni kama risasi 18 tu kati ya 100 zilizompata waliyemlenga. Hao ni watu wa mshahara, wenye uwanja wa mazoezi. Tujiulize: zile nyingine 82 zilikwenda wapi? Katika Birere au Kadutu, nyumba nyingi ni za mbao na zimebanana. Risasi iliyokosa mwizi inapita ukuta wa mbao na kuingia chumba cha jirani, mahali watoto wamelala.

2. Ni nyepesi

Kila risasi inapotoka, silaha inarudi nyuma na kuusukuma mkono. Silaha nzito inameza sehemu ya kishindo hicho. Silaha nyepesi inakiachia mkono. Ndiyo maana bastola ndogo inayopiga risasi ya nguvu inaruka mkononi, na risasi ya pili inakwenda mbali zaidi na shabaha kuliko ya kwanza. Dawa yake ni mazoezi ya mara kwa mara, pamoja na mwalimu, mahali palipoandaliwa. Raia aliyenunua bastola kwa siri hana mwalimu wala uwanja. Atafanya mazoezi yake ya kwanza siku ya hatari yenyewe.

3. Haionekani

Kitu kisichoonekana hakimtishi mtu. Mwizi hawezi kuogopa bastola asiyoijua. Yeye ndiye anayechagua saa, mahali na idadi ya wenzake.

Tuseme mbadilishaji wa pesa anafunga kazi saa kumi na mbili jioni. Vijana watatu wanashuka kwenye pikipiki mbele yake, silaha zao ziko tayari mikononi. Yake iko kiunoni, chini ya shati na koti. Lazima ainue nguo, aishike, aitoe, aiandae, alenge. Wao wanachohitaji ni kuona mkono wake ukienda kiunoni. Mtu ambaye wangemnyang'anya mfuko na kumwacha, sasa wanampiga risasi. Kisha wanaondoka na pesa, na bastola juu yake.

Hayo si mawazo yetu tu. Mwaka 1999, Afrika Kusini ilichapishwa taarifa iliyochunguza kesi za polisi za Alexandra na Bramley, mjini Johannesburg. Ilionekana kwamba watu wenye silaha walioshambuliwa walinyang'anywa silaha hizo karibu mara nne zaidi kuliko walivyofaulu kuzitumia kujilinda. Na mwaka 2009, utafiti wa Philadelphia, Marekani, ulionyesha kwamba watu waliokuwa na silaha ya moto walikuwa katika hatari ya kupigwa risasi katika shambulio zaidi ya mara nne kuliko wale wasiokuwa nayo.

4. Iko nawe kila siku

Siku ya kuvamiwa ni siku moja, pengine haitakuja kamwe. Lakini siku za ugomvi ni nyingi: ugomvi wa mpaka wa kiwanja, wa deni, wa pombe, wa mume na mke. Wazee wanasema hasira ni hasara. Hasira yenye bastola kiunoni ni msiba. Ngumi ingeacha uvimbe na watu wangepatanishwa kesho yake. Risasi haingoji wapatanishi.

Kuna pia siku za huzuni. Utafiti wa California uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba wanaume wenye bastola walikufa kwa kujipiga risasi karibu mara nane zaidi kuliko wanaume wasio na bastola. Utafiti mwingine wa huko, wa mwaka 2022, ulionyesha kwamba watu wanaoishi nyumba moja na mwenye bastola waliuawa mara mbili zaidi, au zaidi ya hapo, kuliko wale ambao nyumba zao hazina silaha. Marekani si Kongo, na hatusemi kwamba hesabu ni zilezile. Lakini hasira, huzuni na udadisi wa watoto hazina nchi.

Juu ya watoto, tunaomba kila mzazi ajue jambo hili: kutoa kasha la risasi hakufanyi bastola iwe tupu. Risasi moja inaweza kubaki imeingia katika mtutu. Ajali nyingi zinaanza na maneno haya: "Nilifikiri haina risasi."

PESA YA BASTOLA INAKWENDA KWA NANI?

Bastola inayouzwa kwa siri imetoka mahali fulani. Pengine ilitolewa ghalani kwa wizi, pengine ilichukuliwa kwa maiti, pengine ilitumika kuua mtu wa mtaa wa pili. Anayeinunua anampa pesa yule anayeishi kwa biashara ya silaha, naye atatumia pesa hizo kuleta nyingine. Kwa hiyo mwenye duka anayejilinda namna hii anawalisha walewale anaowaogopa.

Tena siri haikai. Jirani akisikia kwamba fulani ana bastola, atatafuta yake. Kama hao wawili ni wa makabila mawili yasiyoaminiana, jambo la watu wawili linakuwa la mtaa mzima: "Wale wanajiandaa." Katika kazi yetu tumeona mara nyingi kwamba neno hilo moja linatosha kuwasha moto.

SHERIA INASEMA NINI?

Katika Kongo, silaha na risasi zinaongozwa na sheria namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985. Raia haruhusiwi kuwa na silaha ya moto wala kutembea nayo bila kibali. Sheria ya mahakama za kijeshi ya Novemba 2002 inaruhusu hata raia kuhukumiwa na mahakama hizo akitenda kosa kwa silaha ya vita.

Nchi yetu pia ni kati ya zile zilizotia sahihi Itifaki ya Nairobi ya Aprili 2004. Itifaki hiyo inataka raia wasimiliki kabisa bunduki za vita, na silaha nyingine zote ziwe na kibali, ziandikishwe na zitunzwe mahali salama. Mkataba wa Kinshasa wa nchi za Afrika ya Kati, uliokubaliwa Aprili 2010, ulianza kutumika Machi 2017 kwa shabaha hiyohiyo.

Pale ambapo utawala umegawanyika, mtu anaweza kufikiri sheria imelala. Lakini yeyote anayeshika kizuizi cha barabara, awe wa upande gani, akikukuta na bastola chini ya shati hatakuona kuwa mfanyabiashara mwenye hofu. Atakuona kuwa adui.

TUFANYE NINI BADALA YAKE?

- Tupunguze kinachovuta wezi. Palipo na mtandao, tutumie pesa za simu (M-Pesa, Airtel Money, Orange Money) ili mauzo ya siku yasilale nyumbani. Tusihesabu pesa mbele ya watu.
- Tubadilishe saa na njia. Anayefunga duka saa ileile na kupita njia ileile kila jioni amewaandikia wezi programu yake.
- Tutembee pamoja. Wafanyabiashara wa mstari mmoja wafunge kwa wakati mmoja, wasindikizane.
- Tupange namna ya kuitana usiku. Filimbi, masufuria, simu za majirani kumi: mwizi anaogopa mwanga na kelele. Lakini tukubaliane mapema kwamba anayekamatwa hauawi wala hachomwi. Adhabu ya umati imeua wengi wasio na hatia.
- Mali ikitakiwa kwa mtutu wa bunduki, tuiache. Tuangalie sura, mavazi na njia waliyopita, kisha tutoe habari.
- Tuwahimize viongozi wa mtaa, wa kanisa na wa msikiti waweke siku ya kuzungumza na wanaoshika usalama. Wamama na vijana wawemo, kwa sababu wao wanajua vichochoro vya hatari.

KAMA BASTOLA IKO TAYARI NYUMBANI

- Usiitembeze mwenyewe kwenda kuitoa. Nia njema haionekani kizuizini.
- Tafuta kwanza mpatanishi anayeaminiwa, kama padri, mchungaji, imamu au mzee wa mtaa, aongee kwa niaba yako.
- Hadi siku hiyo, iwe imefungiwa kwa kufuli, risasi zikae mbali nayo, na mtoto asijue ilipo.
- Ukiokota silaha, usiiguse. Weka alama, ondoa watoto, toa habari.

Kutoa silaha si aibu. Katika Katanga, miaka ya 2000, shirika la kikristo la PAREC liliwapa baiskeli watu waliorudisha bunduki. Mtu alifika na chombo cha kifo, akarudi kwake na chombo cha kazi.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Katika mtaa wetu, watu wanaogopa nini zaidi, na saa ngapi?
2. Ni ugomvi gani wa mwaka huu ungekuwa mauaji kama mmoja wao angekuwa na bastola?
3. Nikipiga kelele usiku wa leo, majirani wangapi watatoka? Nifanye nini ili wawe wengi zaidi?
4. Kama mtu wa hapa anataka kutoa silaha, atamwamini nani?

Ni kweli, fimbo ya mbali haiui nyoka. Lakini tukiangalia vizuri, fimbo iliyo karibu nasi kuliko zote haiko kiunoni. Iko upande wa pili wa ukuta wa mbao: ni jirani anayetujua jina, na ambaye sisi pia tungetoka usiku kwa ajili yake.