Land Rover ya Kutu: Lala Chini Kabla Hujatoa Hela

Vijana wengi mkishauza vitunguu mnanipigia: "Afisa, nimeona Land Rover 110 ya bei poa, ina kutu kidogo tu. Nichukue?" Nami nauliza moja: kutu iko wapi?

Bodi ya gari hizi sehemu kubwa ni alumini, haishiki kutu. Chasisi ndiyo chuma. Kwa hiyo gari linaweza kung'aa juu huku chini limeoza. Niliwahi kudanganyika na rangi. Hela ya msimu mzima wa nyanya ikaishia kwa fundi wa kuchomelea.

Siku hizi naenda na tochi, nyundo ndogo na bisibisi. Omba ruhusa kwa mwenye gari, kisha lala chini. Gonga chasisi taratibu kuanzia mbele, ukazie boriti ya nyuma inayovuta tela na pale springi zinapokaa. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti butu. Bisibisi ikizama, achana nalo. Ukikuta rangi nyeusi mbichi huko chini, jiulize inaficha nini.

Soma na namba ya chasisi, ilingane na kadi. Kama imeliwa na kutu haisomeki, usitoe hata shilingi.

Kutu ya bampa au bawaba za mlango ni ya kuombea punguzo. Injini inabadilishwa, giaboksi inatengenezwa. Chasisi ikioza, siku moja itakatika porini, na magunia yako yakiwa juu.