Matumizi ya Kivumishi -kavu katika Fasihi ya Kiswahili: Kutoka Hali ya Kitu hadi Hukumu ya Kimaadili

Kivumishi cha sifa -kavu kwa kawaida hufafanuliwa kuwa ni hali ya kukosa maji au unyevu. Ufafanuzi huo unatosha kwa nguo iliyoanikwa, lakini hautoshi kwa fasihi, wala kwa lugha ya kila siku ambayo fasihi huchota kwayo. Makala hii inaeleza kuwa -kavu hutaja ukosefu wa kile kilichotarajiwa kuandamana na nomino, na kwamba tarajio hilo ndilo linalokipa kivumishi hiki uzito wa kimaadili.

Ushahidi wa kwanza umo katika mazungumzo ya kawaida. Wali mkavu ni wali usio na kitoweo, hata kama ungali unafuka mvuke. Chai kavu ni chai isiyo na kitafunio, ingawa chai yenyewe ni maji. Nchi kavu hubaki na jina hilo hata wakati wa masika, kwa kuwa hutofautishwa na bahari. Mkavu wa macho ni mtu asiye na haya. Katika mifano yote hiyo kinachokosekana hakitajwi. Msikilizaji hukitambua kutokana na nomino na utamaduni wake. Ndiyo maana sentensi kama "alimtazama kwa macho makavu" ina utata: huenda mhusika hakulia, au huenda hakuona aibu. Mfasiri anayechagua maana ya kwanza bila kuchunguza muktadha anaweza kumgeuza fidhuli kuwa jasiri.

Methali "Dunia mti mkavu, kiumbe usiuelemee" inakuza matumizi hayo. Mti huo ungali wima na umbo lake linaahidi egemeo, lakini uhai ulioupa nguvu umetoweka. Methali ina sehemu mbili: hukumu juu ya dunia, kisha usia kwa kiumbe. Said Ahmed Mohamed, katika riwaya yake Dunia Mti Mkavu (1980), amechukua hukumu kuwa jina la kitabu na kuuacha usia. Kuachwa huko kuna maana. Riwaya inasawiri unyonyaji wa wakulima na wafanyakazi wa Zanzibar wakati wa ukoloni. Hivyo ukavu wa dunia hauonekani tena kuwa maumbile yake, bali tokeo la mfumo ulioifyonza. Msomaji anayelichukulia jina hilo kuwa kauli ya kukata tamaa huirudishia riwaya usia ambao mwandishi hakuuweka.

Biblia ya Kiswahili inatoa mfano wa kulinganisha. Katika Ezekieli 37, mifupa mikavu ni kilele cha kukosa uhai, lakini ndiyo inayorudishiwa pumzi. Mti wa methali hauahidiwi uhai tena. Mifupa ya nabii inaahidiwa. Kivumishi ni kilekile, ila tarajio limebadilika.

Kwa hiyo, uhakiki wa -kavu katika matini yoyote unapaswa kujibu maswali matatu: ni nini kinachokosekana, ni nani aliyekitarajia, na je, matini inaruhusu kirejeshwe? Uhakiki unaoishia kwenye unyevu huiacha nje hukumu ambayo mwandishi ameiweka ndani ya neno.